Jumla sahihi nyumbani, jumla ya ajabu maabara: kompaila ya C imeharibika?

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza wa stashahada ya kompyuta na tunasoma lugha ya C. Mama yangu ni mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 12, nikaona nimwandikie programu ndogo ya kujumlisha michango ya wiki. Kwenye laptopu yangu inatoa jibu sahihi: wote wakitoa 20,000, napata 240,000. Kwenye kompyuta za maabara ya chuo, programu ileile inatoa 272,766. Nikiirudia inatoa 272,764. Wastani inasema 22730. Kwa rafiki yangu inafika mwanachama wa 12 halafu inakufa na kuandika 'Segmentation fault'. Kilichonichanganya zaidi ni kwamba nikiongeza kigeu kimoja (kisanduku cha kutunzia thamani) cha kuchunguzia, maabara nako napata 240,000. Kompaila haijalalamika hata mara moja. Wenzangu wengine wanasema laptopu ya rafiki ina virusi, wengine wanasema C imepitwa na wakati nihamie Python. Je, kompaila ya maabara imeharibika? Na niache C?"

Programu aliyoambatanisha ni hii:

    #include <stdio.h>

    int main(void)
    {
        int michango[12];
        int jumla;
        int i;

        for (i = 1; i <= 12; i++) {
            printf("Mchango wa mwanachama %d: ", i);
            scanf("%d", &michango[i]);
            jumla = jumla + michango[i];
        }
        printf("Jumla %d, wastani %d\n", jumla, jumla / 12);
        return 0;
    }

Marahaba. Nashukuru umeandika namba zenyewe badala ya kusema tu "inatoa jibu baya", maana ndani ya 272,766 na 272,764 imo nusu nzima ya jibu lako. Tutafika hapo.

Nianze na lile ambalo halitakufurahisha. Kompaila ya maabara ni nzima, na laptopu ya rafiki yako haina virusi vinavyohusika na jambo hili. Programu yako ina makosa kwenye kompyuta zote tatu, na laptopu yako imo. Ile 240,000 uliyoipata nyumbani ilitokea kwa bahati. Najua inauma kusikia hivyo juu ya kompyuta pekee iliyokupa jibu zuri, lakini hapo ndipo wanafunzi wengi wa C wanapopotea: wanaamini mashine iliyowapendeza na kuishtaki iliyowaambia ukweli.

Sasa, kwa nini kompaila ilinyamaza? Wengi huanza C wakidhani kompaila ni mkaguzi wa hesabu. Kazi yake hasa ni ya mfasiri: inachukua ulichoandika na kukigeuza kuwa lugha ya mashine, ile inayotekelezwa na prosesa. Inakagua sarufi, kama mwalimu wa Kiswahili anavyokagua upatanisho wa ngeli. Ukiandika "kitabu limeanguka", atakurudishia daftari. Ukiandika "kitabu kimekula ugali", ngeli zimepatana na sentensi inapita, ingawa hakuna kitabu kilichowahi kula. Programu yako ni ya namna hiyo ya pili. Semikoloni zipo mahali pake, mabano yamefungwa, kila kigeu kimetangazwa. Maana ndiyo iliyovunjika, tena mahali pawili.

Mahali pa kwanza ni mstari unaosema `int jumla;`. Mstari huu unaomba kisanduku cha kutunzia namba nzima na kukipa jina, basi. Hausemi ndani ya kisanduku kuna nini. Sisi binadamu tukisikia "jumla" tunadhani inaanzia sifuri, kwa sababu kila mtu anayehesabu pesa huanza na meza tupu. C haina dhana hiyo kwa vigeu vilivyotangazwa ndani ya fanksheni. Vigeu hivyo hukaa kwenye eneo la kumbukumbu liitwalo staki, na staki ni kama ubao wa darasa linalotumiwa na walimu wengi bila yeyote kufuta. Kabla `main`, yaani fanksheni kuu ya programu yako, haijaanza, kuna kazi za maandalizi zilizokwisha kufanyika hapohapo: programu imepakiwa, maktaba zimeunganishwa, fanksheni kadhaa zimeitwa na kumaliza. Kila moja imeacha chaki yake. Wewe unaingia, unaambiwa "kisanduku chako ni pale", na pale pana maandishi ya mtu mwingine.

Haya, toa 240,000 kwenye 272,766. Inabaki 32,766. Toa 240,000 kwenye 272,764. Inabaki 32,764. Namba hizi mimi nazifahamu kama sura za majirani. Kwenye Linux ya kompyuta za biti 64, zile zenye prosesa za Intel au AMD, anwani za staki (namba zinazoonyesha mahali kwenye kumbukumbu) zikiandikwa kwa heksadesimali, mfumo wa tarakimu 16, 0 hadi 9 kisha a hadi f, huanza na 7ffc, 7ffd, 7ffe au 7fff. Anwani moja ni baiti 8, na `int` yako ni baiti 4, yaani nusu ya anwani. Nusu ya juu ya anwani inayoanza na 7ffe, ukiisoma kama namba ya kawaida, ni 32,766. Ya 7ffc ni 32,764. Kwa hiyo kisanduku chako cha `jumla` kilikalia kipande cha anwani kilichoachwa na fanksheni iliyotangulia, na michango ya kina mama ikajumlishwa juu ya kipande hicho. Inabadilika kila ukirudia kwa sababu Linux huhamisha staki mahali papya kila programu inapoanza, kwa makusudi, ili wadukuzi wasiweze kubashiri kitu kiko wapi.

Kwenye laptopu yako, sehemu ile ya ubao ilikuwa na sifuri. Na ulipoongeza kigeu cha kuchunguzia kule maabara, visanduku vilipangwa upya, `jumla` ikasogezwa hatua moja ikaangukia mahali patupu. Hukuponya kitu, ulihamisha kiti. Ndiyo maana nakuomba usije ukaacha kile kigeu cha ziada ndani ya programu kwa sababu "kinasaidia". Nimewahi kuona programu za watu wazima zenye mstari wa ajabu usiofanya lolote na maelezo pembeni: usiguse.

Mahali pa pili ni kitanzi, ile `for` inayorudia kazi. Uliomba safu ya visanduku 12, na C huvihesabu kuanzia 0 hadi 11. Kwako wewe mwanachama wa kwanza ni namba 1, na ni haki yako, hakuna mhazini anayeandika "mwanachama sifuri" daftarini. Lakini `michango[i]` maana yake ni "anza mwanzo wa safu, ruka visanduku i". Kuruka sifuri ndiko kunakokupeleka kwenye cha kwanza. Ukisema `michango[12]` umeruka vyote kumi na viwili, umetoka nje ya ua, uko kwa jirani. Na `scanf`, fanksheni inayosoma namba unayoandika, haikuulizi kama una ruhusa ya kuingia kwa jirani, inaandika 20,000 hapohapo.

Jirani ni nani? Inategemea kompaila ilivyopanga. Kwako na maabara inaelekea palikuwa na nafasi isiyotumika, hivyo hakuna aliyeumia. Kwa rafiki yako, nikifuata dalili ulizonipa, jirani alikuwa `i` mwenyewe. Fuata hatua kwa hatua: `i` ni 12, `scanf` inaandika 20,000 kwenye `michango[12]`, na kwa kuwa hapo ndipo `i` alipo, `i` sasa ni 20,000. Mstari unaofuata unaomba `michango[20000]`. Kila kisanduku ni baiti 4, kwa hiyo programu inarukia baiti 80,000 mbele, nje kabisa ya eneo ililopewa. Mfumo wa uendeshaji unaona programu inagusa kumbukumbu isiyo yake na kuiua papo hapo. "Segmentation fault" maana yake ni hiyo tu. Katika zile kompyuta tatu, ya rafiki yako ndiyo iliyokutendea wema mkubwa, kwa sababu ilikataa kukupa jibu.

Kiwango rasmi cha C, kilichotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 1989 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kinayaita makosa ya kundi hili tabia isiyofafanuliwa. Maana yake ni kwamba kiwango hakitoi ahadi yoyote juu ya kitakachotokea. Jibu sahihi linaruhusiwa, jibu baya linaruhusiwa, kufa kunaruhusiwa. Tena kompaila za leo, zikiagizwa kuongeza kasi, hupanga msimbo (maagizo ya programu) zikidhani kwamba hutafanya kosa la aina hii kamwe, na dhana hiyo ikivunjika matokeo yanaweza kuonekana hata kwenye mstari ulio mbali na kosa. Kwa hiyo swali la "kwa nini hapa inafanya hivi na pale vile" usilifukuze sana. Mimi nimelifukuza leo kwa sababu namba zako zilikuwa na alama zinazosomeka. Mara nyingi hazisomeki.

Utaniuliza: kwa nini mtu atengeneze lugha isiyokagua? Dennis Ritchie alipoitengeneza C pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa kwa ajili ya kuandikia mfumo wa uendeshaji wa Unix, kwenye mashine ambazo kumbukumbu yake ni ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Kukagua kila nafasi ya safu kila inapoguswa kulikuwa gharama, na aliyekuwa anaandika alidhaniwa kuwa fundi anayejua anachofanya. Uamuzi huo uliifanya C iwe nyepesi na ya haraka, ndiyo maana sehemu kubwa ya kiini cha Linux imeandikwa kwa C, na Python yenyewe unayoambiwa uhamie, ile inayotumiwa na watu wengi, imeandikwa kwa C. Lakini uamuzi huohuo umeigharimu jamii. Mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe, ulioenea kwenye intaneti Novemba 1988 ulitumia, pamoja na njia nyingine, kosa la kuandika nje ya safu. Heartbleed, iliyogunduliwa mwaka 2014 ndani ya maktaba ya usalama ya OpenSSL, ilikuwa kosa la kusoma nje ya mipaka. Makosa ya namna hii huwapata hata watu wenye uzoefu wa miaka. Usijione mjinga kwa `michango[12]`.

Sehemu iliyorekebishwa ni hii:

    int jumla = 0;

    for (i = 0; i < 12; i++) {
        printf("Mchango wa mwanachama %d: ", i + 1);
        if (scanf("%d", &michango[i]) != 1) {
            printf("Andika tarakimu tupu, bila alama ya mkato.\n");
            return 1;
        }
        jumla = jumla + michango[i];
    }
    printf("Jumla %d, wastani %.2f\n", jumla, (double)jumla / 12);

Ndani ndani tunahesabu kutoka 0, kwa binadamu tunaonyesha `i + 1`. Zoea `i < 12` badala ya `i <= 11`. Zote ni sahihi, lakini ya kwanza inabeba namba ileile uliyoiandika kwenye safu, na jicho linagundua haraka zikitofautiana.

Ile `if` ya `scanf` nimeiongeza kwa ajili ya mama yako. Siku moja ataandika 20,000 na alama ya mkato, kama alivyoandika maisha yake yote. `scanf` itasoma 20, itagota kwenye mkato na kuuacha pale. Kwenye programu yako ya sasa, maswali yote yanayobaki yatapita mfululizo bila kumsubiri, kwa sababu kila `scanf` inaukuta mkato uleule na kushindwa kimyakimya, na visanduku vinabaki na chaki ya zamani. `scanf` hurudisha idadi ya vitu ilivyofaulu kusoma. Iulize kila mara.

Kuhusu wastani: 272,766 ukigawa kwa 12 ni 22,730.5, nawe ulionyeshwa 22730. C ikigawa namba nzima kwa namba nzima hutupa kilichobaki, haikadirii. Ndiyo kazi ya `(double)`, inayoigeuza jumla kuwa namba yenye desimali. Usitumie `float`, aina ndogo zaidi ya namba za desimali, kwa pesa. Ikishapita 16,777,216 haiwezi tena kushika kila namba nzima, na kikundi cha kina mama wenye bidii hufika huko ndani ya miaka miwili.

Sasa walinzi, yaani zana za kukukamatia makosa. Kompaila ya GCC inajua kukuonya, ila usipoiomba haisemi. Kuanzia leo usiite kompaila bila maneno haya:

    gcc -Wall -Wextra -O1 -g michango.c -o michango

`-Wall` na `-Wextra` zinafungua ilani, yaani maonyo ya kompaila. `-g` inahifadhi namba za mistari ili kosa likitokea uambiwe liko wapi. `-O1` nimeiweka kwa sababu baadhi ya ilani za kigeu kisichopewa thamani hazionekani hadi kompaila ichambue msimbo kwa ajili ya kasi. Ukiijaribu kwenye programu yako ya zamani, tegemea `jumla` itajwe. Ilani moja ikibaki, kazi haijaisha. Mimi huwa siwapokei wanafunzi wangu kazi yenye ilani, na sijaona aliyejuta.

Kwa lile la kutoka nje ya safu, ongeza `-fsanitize=address` kwenye amri hiyo, kisha endesha programu. Ukimfikia mwanachama wa 12 itasimama, itaandika stack-buffer-overflow, itataja mstari wa `main` ulioleta balaa na jina la safu, `michango`. Mlinzi huyu hana habari na vigeu visivyopewa thamani. Mlinzi wa vigeu hivyo ni Valgrind, programu inayochunguza matumizi ya kumbukumbu: kompaili upya kwa `-g` peke yake, kisha andika `valgrind ./michango`. Naye Valgrind ni dhaifu kwa safu zilizo kwenye staki. Ndiyo maana nakupa wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, usiwawashe pamoja. Kama laptopu yako ni ya Windows, fanya haya kwenye Linux ya maabara au sakinisha WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows, maana Valgrind haifanyi kazi moja kwa moja kwenye Windows.

Je, uache C? Nitakuwa mkweli, wenzako wana hoja. Ungeandika makosa haya kwa Python, ungepata NameError kwa `jumla` na IndexError kwa safu, mstari ukitajwa, kabla hujamaliza kikombe cha chai. Java ingekataa kukompaili `jumla` isiyo na thamani. Go huanzisha kila kigeu kwa sifuri na kusimamisha programu ukitoka nje ya safu. Rust, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2015, ilitengenezwa ikilenga hasa makosa ya kumbukumbu ya namna hii bila kupoteza kasi. Wanaosema C imepitwa na wakati ndio sikubaliani nao. Simu yako, ruta ya chuo na mita ya umeme zina msimbo wa C ndani yake au wa lugha jamaa.

Ushauri wangu kwako, kwa kuwa uko mwaka wa kwanza na kozi ni ya C: baki. Wiki hii umejifunza staki ni nini kwa njia ambayo Python isingekuonyesha, na ukihamia Rust kesho utaelewa kwa nini inakubania. Lakini kwa kazi ya mama yako nina ushauri tofauti. Zile ni pesa za watu. Mpe jedwali la Excel au programu fupi ya Python ambayo ikikosea itapiga kelele, na ya C uiendeleze pembeni kama zoezi hadi ipite walinzi wote kwa data ya miezi kadhaa.

Kuna mambo ambayo kwa maandishi sitaweza kukusaidia. Ukirekebisha yote, ilani zikaisha, walinzi wakanyamaza, na bado kompyuta mbili zinatofautiana, beba laptopu uende kwa mkufunzi wa maabara, ukae naye bega kwa bega mkiendesha programu mstari kwa mstari kwa `gdb`, zana ya kusakia makosa. Dakika ishirini za hivyo zinazidi barua tano zangu. Kama ni mashine moja tu inayosumbua, tena hadi programu nyingine zinakufa ovyo au faili zinaharibika, hapo kweli kumbukumbu ya mashine inaweza kuwa mbovu. Mpe fundi aipime.

Na kama mama alishaanza kuitumia programu hii kikundini, usingoje. Jumamosi hii keti naye na daftari la michango, mjumlishe kila wiki upya kwa mkono au kwa kikokotoo, hata zile wiki ambazo jumla ilionekana sawa. Ukikuta tofauti inayokaribia 32,766, utajua ilikotoka, na utaweza kuwaeleza wanachama wenyewe kabla mtu hajaanza kumtazama mhazini kwa jicho baya.